Nani Atamsimamia Anselmo

Gogo letu lilikuwa njia panda, ukitoka bomani kwenda sokoni. Bakili alichemshia kahawa hapo, nasi tukikaa kubishana. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa imeanza kutuachia, na mvua za kulimia zimenyesha. Asubuhi hiyo alikuja Sefu, mkulima, mguu umefungwa vijiti. Gari la ng'ombe lilimgonga sokoni, likamvunja goti. Kijana Anselmo ndiye aliyekuwa akiliendesha. Ng'ombe walimshinda mteremkoni.

— Akida kasemaje? akauliza Salum, fundi wa kanzu, tuliyemwita Mkasi.

— Kasema nilipwe. Mwenye gari karuka: gari lake, kosa la kijana. Na kijana hana kitu.

— Basi ukoo wake ulipe.

— Ndivyo alivyosema akida. Leo awalete wazee wake bomani.

— Mimi ningekamata ng'ombe mmoja, Mkasi akasema. Si ndiye aliyekuponza? Avute jembe mpaka goti lipone!

— Ng'ombe wa nini! Bakili akadakia. Barabara kaichonga nani? Mdachi. Mteremko ni wake. Kaiza alipe!

— Punguza sauti, akasema Fransisko, mfagiaji wa bomani, ambaye sisi tulimwita Bwana Boma. Huyo Kaiza utampata wapi?

— Si ana meli? Apande aje!

Tukacheka. Sefu hakucheka.

— Shamba limelala, jamani. Mke wangu Halima ana mimba kubwa, jana kaanguka na jembe mkononi. Watoto wetu wawili tuliwazika wakati wa njaa. Huyu wa tumboni ndiye tuliyebaki naye.

Bakili akammiminia kahawa.

Anselmo akatokea, peke yake, kofia mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba. Wazee wako wapi? Mkasi akamuuliza.

— Baba na baba zangu wadogo walinyongwa pale bomani. Wajomba walikimbilia porini, njaa ikawamaliza hukohuko. Mama sijui aliko.

Fransisko akainamisha kichwa. Siku ile ya kunyonga watu, yeye ndiye aliyefagia uwanja.

— Akida kasema nisipopata mtu wa kunisimamia, nafungwa, kijana akaendelea. Nani kati yenu atakubali niseme ni mzee wangu?

Sote tulijua maana yake: atakayeitika ndiye atakayelipa. Mkasi akatazama ndani ya kikombe chake. Bakili akachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Anselmo akatupitia mmoja mmoja kwa macho, akingoja, mpaka nikatamani aondoke.

Sefu akajaribu kuinuka, akashindwa.

— Nishike mkono, akamwambia.

Kijana akamshika. Sefu akamwegemea begani kwa uzito wake wote, meno kayauma kwa maumivu, wakaanza kutembea. Hawakuelekea bomani. Walishika njia ya mashambani, kwenye shamba la Sefu.

— Na akida je? Bakili akapaza sauti.

Hakuna aliyegeuka.