Mama Kivuli, Aliyeziachia Mbao Rangi Zake

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kumalizia samani, Mama Kivuli anavua aproni yake tarehe 30 Juni. Nimepewa mimi kazi ya kuandika habari zake kwa sababu stoo yangu imepakana na chumba chake. Miaka yote hiyo nimeusikia msasa wake ukienda taratibu upande wa pili wa ukuta, hasa nyakati za alasiri, mpaka mtu unajikuta umesinzia juu ya makopo ya vanishi. Msimamizi naomba aisome sentensi hiyo kwa jicho moja.

Aliingia karakana kama mpiga msasa. Bi mkubwa aliyekuwa akipaka vanishi wakati huo hakuwa na maneno mengi. Alimpa kitambaa kilicholowa maji, akamwambia apanguse ubao na kuutazama kabla haujakauka, kwa kuwa ubao uliolowa huonyesha rangi utakayokuwa nayo ukishapakwa. Mama Kivuli husimulia kwamba siku ile alisahau hata kwenda kula. Alipangusa kila kipande alichokikuta sakafuni: mkangazi mwekundu, mninga wenye mistari, msonobari mweupe. Kila kimoja kilimfunulia sura yake kwa muda mfupi, kisha kikafifia. Kazi yake yote iliyofuata ilikuwa ni kuufanya ule muda mfupi udumu.

Jina la Mama Kivuli tulimpa sisi. Jua hula rangi ya mbao; nyeupe hugeuka njano, nyekundu hupauka. Basi alishona mapazia, na kutwa nzima alikuwa akilifuata jua dirisha kwa dirisha, akivuta hili na kulifungua lile. Chumba chake kilikuwa na mwanga hafifu kama wa ndotoni, vumbi laini likielea bila haraka, harufu ya nta imetulia kila pembe. Ukiingia na ugomvi wako, unausahau mlangoni. Madereva wa malori nao walijua kwamba mbao hushushwa upande wenye kivuli, la sivyo watamsikia.

Ndiye aliyetufanya tuache kuzipaka mbao nyeupe mafuta, ambayo hugeuka njano kadiri yanavyokaa, tukahamia vanishi ya maji inayokauka bila kuacha rangi. Aliipaka nyembamba, akasubiri, akapitisha msasa laini, akapaka tena. Mteja mmoja alitaka meza yake ya mninga ipakwe nyeusi. Mama Kivuli akamuuliza kwa upole kama na mkewe alimwoa ili baadaye ampake rangi nyingine. Sisi tulishika vichwa. Mteja alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na meza ikaenda kwake na rangi yake ya kuzaliwa.

Miaka miwili iliyopita mambo yakaanza kwenda mrama. Mama Kivuli alianza kuzikataa kazi zake mwenyewe. Kila kitu cheupe alikiona cha njano. Alilaumu vanishi, nikaagiza nyingine. Alilaumu mapazia, yakashonwa mapya. Alimwambia msimamizi kwamba shati lake jeupe halijaonja sabuni, na msimamizi, maskini, akaenda kuzua ugomvi nyumbani kwake. Sisi tuliziona mbao ni nyeupe pe, lakini nani angembishia Mama Kivuli kuhusu rangi? Tukajua tu kwamba macho yake yanaona tusichokiona.

Binti yake alipokuwa mjamzito, Mama Kivuli aliomba mjukuu achongewe kitanda cha msonobari, akipake mwenyewe. Alikipaka, akakiona cha njano, akakikwangua. Akapaka tena, akakwangua tena. Fito zilikuwa zikikonda tunaziona, mpaka seremala aliyekichonga akakificha stoo kwangu, akisema kikikwanguliwa mara nyingine mtoto atalalia vijiti vya kuchokolea meno. Mama Kivuli hakucheka. Alikwenda kwa msimamizi akaomba aondoke kabla ya muda wake. Alisema mkono wake umekufa, na hataki kuaga kazi akiwa anaharibu mbao. Alasiri ile msasa haukusikika upande wa pili, na usingizi haukunijia hata kidogo.

Mtoto alizaliwa kliniki wiki hiyohiyo. Mama Kivuli alimpokea, akamfunua uso, akamtazama machoni, kisha akapiga yowe kwamba mtoto ni wa njano. Wakarudi kliniki mbio, bibi mbele, binti nyuma na kichanga kifuani. Muuguzi alimkagua mtoto viganja, ufizi na weupe wa macho, akamkuta mzima. Halafu akamwomba bibi akae karibu na mwanga, akamchungulia kwa muda.

“Mama, mjukuu wako hana tatizo lolote,” alimwambia. “Macho yako ndiyo yana ukungu.”

Lilikuwa tatizo la mtoto wa jicho, lililokua polepole na kumpakia dunia nzima rangi ya njano. Alifanyiwa upasuaji jicho moja, baadaye na la pili. Anasema bandeji ilipotolewa alidhani wamemhamisha wodi. Shuka zilikuwa na weupe uliokaribia ubuluu, na ukuta uling'aa kama ulipakwa chokaa asubuhi ile. Alikaa akiugeuzageuza mkono wake mbele ya uso, kama mtu aliyeuazima.

Alirudi karakana bila kumwambia mtu. Hakuja chumbani kwake kwanza. Alikwenda ukutani, zilikokuwa zimepangwa kazi zote alizozikataa. Akafunua moja, akaipapasa. Akafunua ya pili, na ya tatu. Zote zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka kwenye randa. Tulisimama nyuma yake.

“Kumbe sikuziharibu?” akauliza kwa sauti ndogo.

Seremala akamfunulia na ya nne. “Kumbe sikuziharibu,” akasema tena Mama Kivuli, akaketi juu ya kigoda ambacho hakijakauka vizuri, akalia. Nasi tulilia. Kigoda kile tumekiacha vilevile, na alama yake.

Mama Kivuli, asante kwa kila ubao uliotunza sura yake kwa sababu yako. Unaondoka kwa tarehe yako, si kabla, na mkono wako ni mzima. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku ndefu za utulivu. Nenda ukamtazame mjukuu wako mpaka ushibe. Yule hahitaji kupakwa kitu.