Risala ya Watafuta Namba Tasa Kuhusu Kompyuta ya Tatu

Mgeni rasmi, uliye Mkurugenzi wa maktaba hii, nanyi ndugu wasomaji mlioacha vitabu wazi mezani: karibuni ghorofa ya pili. Viti ni tisa na watu ni tele, kwa hiyo waliosimama wavumilie, nasi tutafupisha.

Ruhusa yetu ya kutumia chumba hiki inakwisha mwisho wa mwezi. Barua yako, mgeni rasmi, imesema itaongezwa endapo leo, mbele ya watu, tutaomba radhi. Tumeisoma mara mbili, kama ilivyo desturi yetu. Jibu limo humu.

Tulivyoanza

Miaka minne iliyopita maktaba ilipata kompyuta mpya, na hizi sita kuukuu zikawa zinangoja kutupwa. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, akaziombea maisha. Akatukusanya: kinyozi wa hapo chini, muuguzi, wanachuo watatu, na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ambaye tepu haimtoki shingoni, ndiyo maana tunamwita Mama Vipimo.

Tunatafuta namba tasa kubwa, zile zisizogawanyika kwa namba yoyote isipokuwa moja na zenyewe. Zina tarakimu mamilioni. Ukiiandika moja kwa mkono utamaliza madaftari ya darasa zima na bado uko njiani. Mtandaoni tuko na wenzetu wa kujitolea tusiowajua hata sura. Kila kompyuta hupewa namba yake, ikaikokotoa wiki kadhaa, kisha kompyuta ya mtu mwingine, mbali na hapa, huirudia upya. Majibu yakipishana, hakuna anayesadikiwa.

Siku ya kwanza kinyozi aliuliza, "Sasa Mwalimu, tukiipata tunaipeleka wapi?"

"Hatuipeleki popote. Tutakuwa tunaijua tu."

Kinyozi akajikuna kichwa. "Haya, niandikeni."

Yanayotufurahisha

Tumepima namba mia mbili na kumi na saba. Tasa hatujapata hata moja. Tunalisema hilo kifua mbele, maana kila tuliyoiondoa, hakuna tena duniani mwenye haja ya kuihangaikia. Mama Vipimo, aliyeingia humu akiogopa hata kitufe cha kuwashia, leo ndiye mtunza daftari, na kompyuta anaifungua na kuifunga kama anavyofumua suruali na kuishona.

Kompyuta ya tatu

Mwaka jana, saa tano asubuhi, kompyuta ya tatu kutoka dirishani iliandika: tasa. Kinyozi alipanda ngazi mbio, mteja wake nyuma, kichwa kimenyolewa nusu. Mwalimu aliketi akalia. Desturi yetu tukaisahau. Mmoja wetu akakupigia simu, mgeni rasmi, nawe jioni ile ukatangaza kwenye mkutano wa wasomaji, ukapigiwa makofi.

Mama Vipimo hakupiga makofi. "Wanangu, mimi sikati kitambaa cha mtu kwa kipimo kimoja. Ngojeni jibu la mwenzetu."

"Mama, nawe! Furahi kidogo!"

"Nitafurahi likija."

Likaja baada ya wiki tatu: namba inagawanyika. Kompyuta nyingine ikasema vivyo hivyo. Mama Vipimo akaiendea kompyuta ya tatu, akaigusa ubavuni, akautoa mkono upesi. Kwa mapenzi yake alikuwa ameishonea vazi la kuzuia vumbi, lenye marinda na mfuko wa kalamu, nalo likaziba matundu ya kutolea joto. Kompyuta ilikuwa ikitokota, hesabu ikavurugika.

"Ni mimi," akasema. "Nimeivalisha koti juani."

Angeweza kulikunja vazi akalitia mkobani, nasi tungelaumu uzee wa mashine. Badala yake alifungua daftari, akahesabu namba zote zilizopimwa chini ya vazi lile: kumi na moja. Akawaandikia wenzetu wote kwamba zisiaminiwe. Mmoja akamjibu, "Dada, paka wangu hulala juu ya yangu. Nimemwondoa sasa hivi."

Kisha Mama Vipimo akabandika karatasi mlangoni pa maktaba, ili waliosikia habari ya mkutanoni waisikie na hii. Karatasi hiyo, mgeni rasmi, ndiyo unayotaka tuiombee radhi, kwa kuwa ilikuaibisha.

Zile kumi na moja tulizirudia kwa miezi mitano. Tisa zilikuwa sawa. Mbili zilikuwa na makosa ambayo yangebaki kwenye kumbukumbu za watu wote hadi zamu yake ya kurudiwa ifike.

Tunachoomba

Tunaomba chumba hiki, mwaka mmoja mwingine. Tunaomba feni moja. Na ukipata nafasi, keti karibu na Mama Vipimo. Amekutengea namba ya kuanzia, ndogo kidogo, isikutishe.

Mungu akupe afya, akujalie wasaidizi wakweli, akushushe salama ngazi zetu zisizo na taa.

Kwa kukupigia simu mapema, tulikuja ofisini kwako tukaomba radhi, nawe ukapokea, hilo limekwisha. Kuhusu karatasi, juzi Mama Vipimo alituambia, "Andikeni ni mimi peke yangu. Nitaomba, chumba kibaki." Tulimkatalia kwa sauti moja. Chumba tunakipenda, na tukikikosa tutaumia. Lakini sisi, Kikundi cha Watafuta Namba Tasa, kwa kusema hadharani kwamba tulikosea, hatuombi radhi.