Amelala: Wasifu wa Marehemu Stafu Sajenti Nashoni Masanja Budeba (1966–2025)

Viongozi wa dini, makamanda na askari mliofika hapa Iyunga, ndugu wa pande zote mbili, majirani, walimu wenzangu na wanafunzi wangu: poleni kwa safari, na asanteni kwa kuja.

Wasifu huu ulipaswa kusomwa na shemeji yangu Shija, mdogo wa marehemu. Nimemwomba anipishe, naye amenipisha kwa moyo mweupe. Jeshi nalo lilileta wasifu wake, kurasa mbili zilizochapwa vizuri, na humo mimi nimeonekana mstari wa mwisho, baada ya nishani. Nimeupokea kwa heshima. Ila kabla hajafunikwa nataka ijulikane alikuwa wa nani. Katika maelezo haya nitasema "mke wake", kama utaratibu unavyotaka, lakini mnajua ni mimi, Mwalimu Tusekile, na wengi wenu mnajua wivu wangu.

Marehemu Nashoni alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Maswa, mtoto wa tatu wa Mzee Masanja Budeba na Mama Esther. Mwaka 1974 familia ilihamia bonde la Usangu pamoja na ng'ombe wao, na Nashoni akakulia machungani. Mama Esther, ambaye yupo nasi, husimulia kwamba mtoto huyu hakukubali kula jioni mpaka ahakikishe kila ng'ombe amelala zizini, tena akimtaja kwa jina. Kama mke wake angesimuliwa habari hiyo kabla ya posa, angejiandaa mapema.

Alisoma shule ya msingi huko huko Usangu kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya kutwa mjini Iringa, akiishi kwa mjomba wake, hadi mwaka 1985. Alifanya vizuri hesabu na jiografia. Kiswahili kilimshinda. Nyumbani walisema Kisukuma, malishoni Kisangu, na Kiswahili alikiokota njiani kikiwa kimepungukiwa ngeli. Kitu chochote alichokiheshimu alikipandisha kwenye ngeli ya watu. Redio ameharibika. Trekta amekuja. Mnaocheka hamkuishi naye.

Mwaka 1988 alijiunga na Jeshi la Polisi, akapata mafunzo Moshi na kupangiwa Iringa. Mwaka 1994 alikabidhiwa ghala la silaha la kituo, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake, Iringa na baadaye Mbeya, mpaka alipostaafu mwaka 2021. Kazi ya mtunza silaha ni kuwapa askari silaha asubuhi, kuzipokea wanaporudi, kuzikagua, kuzisafisha na kuzifungia. Silaha ikirejeshwa na kufungiwa, yeye alisema "amelala". Hakutoka kituoni mpaka wote wamelala.

Kwa wasiojua, bastola za polisi hazichaguliwi kwa uzuri. Mke wake ameyasikia haya mezani miaka yote, chakula kikipoa, na anaweza kuyasema bila kutazama karatasi. Marehemu aliziita bastola kwa nchi zilikotoka, zile alizozitunza na zile alizozisoma mafunzoni. Mwingereza alikuwa ile ya zamani ya silinda yenye risasi sita. Hakwami ovyo, lakini kifyatulio chake ni kigumu, na kumjaza upya kunakula muda ambao askari aliye hatarini hana. Mbelgiji ni mtanashati, anabeba risasi kumi na tatu, ila ana nyundo ya kukoki na kitufe cha usalama, na mtu aliyeogopa husahau kimojawapo. Mrusi ni mfupi na mvumilivu, hata mvivu anaweza kumsafisha, lakini risasi yake haina nguvu sana. Mchina wa zamani ni chuma kitupu. Anachosha kiuno, na risasi yake ina mwendo mkali, inaweza kumpita mtu ikampata aliye nyuma yake. Mwanajeshi porini anaweza kuvumilia hilo. Polisi aliye sokoni hawezi.

Halafu kuna Mwaustria.

Huyo, marehemu alimweleza kwa sauti ambayo mke wake hakuwahi kuisikia ikitumika kwake. Mwepesi, kwa sababu mwili wake ni plastiki ngumu. Risasi kumi na saba. Hana kitufe cha pembeni cha kusahaulika, vizuizi vyake viko ndani na kwenye kifyatulio chenyewe. Vipuri vyake ni vichache, na anatumia risasi ya milimita tisa inayopatikana karibu kila mahali. Ndiyo maana, alisema, polisi wa nchi nyingi duniani wamemchukua: askari mpya anamwelewa upesi, na kwa kuwa askari anaweza kubeba bastola mpaka astaafu bila kumfyatulia mtu, uzito wa kiunoni ni jambo kubwa kuliko mlio. Onyo lake lilikuwa moja, kwamba Mwaustria hasamehi kidole kilichotangulia, kwa hiyo kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua. Nakiri ni maelezo mazuri. Lakini mtu huyu aliyejua kinachochosha kila kiuno pale kituoni hakuwahi kuuliza ndoo ya maji ya mke wake ina uzito gani.

Walikutana mwaka 1996, Iringa, mke wake akiwa mwalimu kijana wa Kiswahili. Nashoni alikuja kuomba masomo ya jioni, maana alikuwa na mtihani wa cheo na taarifa zake zilirudishwa kila mara kwa wino mwekundu. Ngeli hazikumwingia. Alichokiingiza ni barua ya posa, yenye makosa ambayo mwalimu aliyasahihisha kabla ya kukubali. Walifunga ndoa hapa Iyunga tarehe 13 Desemba 1997, wakajaliwa watoto watatu.

Sasa niseme la Ilula, kwa sababu limesimuliwa vibaya katika kila sherehe ya polisi na leo nataka lisimuliwe na mwenyewe. Ilikuwa Septemba 2006. Prisca, binti yetu wa kwanza, alikuwa na sherehe ya kutimiza miaka minane, na marehemu alikuwa na siku ya mapumziko, tukaenda Ilula kununua nyanya. Tenga limejaa, mke wake anapatana na wauzaji, simu ya marehemu ikaita. Wauzaji wote walisikia alichosema, maana alikuwa na sikio bovu na aliongea kwa kelele. "Mwaustria hajarudi? Alitoka na nani tangu asubuhi? Hapana, asilale nje huyo. Msifunge mlango, nakuja mwenyewe." Akasimamisha lori lililokuwa linapanda Iringa, akadandia, akaondoka. Mke wake alibaki barabarani na tenga.

Wauzaji wa Ilula ni watu wema. Walimpa stuli, wakampa maji, na mmoja wao akamuuliza taratibu, "Dada, huyo Mwaustria anakaaga wapi?" Iringa Wazungu wapo wengi, wa miradi na wa utalii. Mke wake aliwafikiria wote aliowahi kuwaona sokoni, mmoja mmoja, hakupata hata mmoja wa kumtoa kwenye shaka. Akapanda basi na tenga lake, akafika mjini, akaenda moja kwa moja kituoni. Kaunta alimkuta konstebo msichana, mgeni kabisa kazini, anaitwa Matilda. Akamwambia amekuja kumwona Mwaustria.

"Amesharudi, mama," Matilda akasema. "Yuko ndani na afande. Anampaka mafuta."

Yaliyofuata hayahitaji kusomwa mbele ya mchungaji. Itoshe kwamba mkuu wa kituo alitoka ofisini, akaelewa, akacheka mpaka akakaa chini, na akaagiza Mwaustria aletwe kaunta akiwa mtupu, magazini ya risasi pembeni. Kumbe askari aliyepewa bastola hiyo aliharibikiwa na gari njiani, akachelewa kuirejesha. Mke wake aliitazama. Nyeusi, fupi, haina urembo wowote. Watu walidhani wivu ungeisha pale. Haukuisha, ulizidi. Mwanamke ningemkabili, ningejua ndugu zake, ningemwita mbele ya wazee. Kile kidude ningekifanya nini?

Nilimwambia pale pale, mbele ya askari wake, "Sema imelala, Nashoni. Bastola imelala. Siyo amelala."

Akajibu kwa upole wake ule. "Mwalimu, nikimwita kitu nitamsahau mezani, halafu mtoto wa mtu afe. Mtu hasahauliki."

"Mimi ni mtu," nikamwambia. "Umenisahau Ilula."

Alibeba tenga begani akatembea nalo hadi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuniacha tena barabarani. Ngeli hakubadilisha.

Mwaka 2009 alihamishiwa Mbeya, tukaja kuishi hapa kwetu. Baada ya muda Matilda naye akahamishiwa Mbeya, kwa mpango wa Jeshi, nilivyoelezwa. Marehemu ndiye aliyemfundisha kazi ya ghala. Alisema ana mikono midogo, na bastola yenye mshiko mnene haimfai mtu kama yeye, kidole hakifiki vizuri kwenye kifyatulio. Kwamba ndiyo maana za siku hizi nyingi zina migongo ya mshiko ya kubadilisha, kila mkono upate wa kwake, kwa kuwa polisi sasa si wanaume wenye viganja vikubwa peke yao. Mke wake alisikiliza yote hayo, kisha akauliza marehemu alijuaje vipimo vya mikono ya Matilda. Akaambiwa ni kazi. Sajenti Matilda leo amekaa safu ya pili, ameanza kulia kabla yangu, na nimemwona.

Marehemu alipenda utani na hakupandisha sauti kwa hasira hata siku moja. Sikio la kulia aliliacha kwenye uwanja wa shabaha, kwa miaka ya kufundisha. Kwa hiyo Jeshi lilichukua sikio moja zima, na familia ikagawana lililobaki.

Mwaka 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walisema moyo umepanuka. Alitibiwa hapa Mbeya, akapata nafuu, akazidiwa tena. Alikuwa amestaafu, ghala ni la Matilda, lakini kila jioni simu ililia wakati wa chakula. "Wote wamelala, afande," Matilda alisema, naye ndipo alichukua kijiko. Chakula kisicho na chumvi nilichompikia mimi kilisubiri ruhusa kutoka kituoni. Niliwahi kuificha simu ile ndani ya pipa la unga. Iliita ndani ya unga, na akaijua ilipo kwa sikio lake hilo hilo moja.

Mwanzoni mwa mwezi huu alilazwa. Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, jioni, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, na simu ikaita. Nilimwekea kwenye sikio la kushoto, kwa kuwa mkono wake haukuwa na nguvu. Nilimsikia Matilda akisema maneno yake ya kila siku. Marehemu akauliza, "Bastola zimelala?"

Zimelala. Nimefundisha Kiswahili karibu miaka thelathini, na sikio langu halipitwi na ngeli. Hata Matilda alisita kule aliko, kisha akajibu, "Zimelala, afande. Zote."

"Haya," marehemu akasema. "Mwalimu hapa ndiye hajalala. Ngoja nimwangalie huyu."

Akaniangalia. Hakuongea tena, na aliendelea kuniangalia mpaka alipofumba macho, na hakuyafumbua tena. Makamanda, hilo halimo kwenye kurasa zenu mbili, na msingeweza kulijua. Alizishusha zote, Mwingereza na Mbelgiji, Mrusi na Mchina, na yule mwepesi wake, akazirudisha kwenye ngeli ya vitu, mahali pake, akaniacha mimi peke yangu kwenye ngeli ya watu. Nilikuwa na haki ya kusikia hivyo tangu mwaka 1997. Amechelewa, na kwa kuchelewa huko bado namwonea wivu kila mtu aliyempata akiwa na nguvu zake.

Marehemu Nashoni Masanja Budeba ameacha mama mzazi, mdogo wake Shija, watoto watatu ambao ni Prisca, Alinanuswe na Masanja, na wajukuu wawili. Ameacha pia mjane mmoja. Naomba isomeke hivyo hata kwenye nakala za Jeshi: mmoja.

Sajenti Matilda, mwanangu, futa machozi unisikilize. Jioni ya leo piga simu kama kawaida, wakati wa chakula. Nitapokea mimi. Utaniambia bastola zimelala, na useme *zi*, nisikie. Nami nitakupa taarifa ya huku kwetu, kwa ngeli ambayo safari hii hakuna wa kuisahihisha: amelala.

Apumzike kwa amani, na simu ya kituoni isimwamshe.