Mke wa Sajini Hakulia

Siku ambayo mumewe, Dorsey, alikuwa anarudi kutoka vitani, Renita Gaskins alipanda basi la mjini Columbus, Marekani, liendalo kambi ya jeshi. Kwenye kiti cha nyuma yake, mzee na bibi wasiojuana walikuwa wakibishana juu ya tamthilia ya jana kwenye runinga, ile ya wanajeshi weusi na familia zao.

"Sajini katoka vitani, mkewe anamwambia akatupe takataka!" mzee alilalamika. "Hata chozi moja? Aliyeandika ile hajavaa buti maishani."

"Na wewe hujaachiwa watoto watatu, baba. Wangu aliporudi kutoka Vietnam nilimkabidhi kichanga kinacholia, nikaenda zangu kulala."

"Maskini! Akafanyaje?"

"Akakiimbia, kikanyamaza. Mimi ndiye niliyelia, chumbani, nimefunga mlango."

"Ahaa! Kumbe ulilia!"

"Hakuniona. Hiyo haihesabiki."

Renita akashindwa kujizuia, akacheka. Bibi akamgusa bega. "Wewe mwanangu unaonaje?"

"Sijui, bibi. Wangu anarudi leo kutoka vitani; ananisubiri kituo kinachofuata."

Abiria wa jirani wakageuka. Kisha mzee akasema kwa upole, "Mlilie, binti. Tunapenda kuliliwa."

"Usithubutu!" bibi akadakia. "Mpe mzigo abebe, ajue yuko nyumbani."

Basi likasimama. Renita aliteremka wakiwa bado wanazozana nyuma yake, naye bado anacheka, na hivyo ndivyo Dorsey, akisubiri kituoni, alivyomwona kwanza.