Zamu ya Jumanne ya Mwalimu Notburga

Mwalimu Notburga Komba anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha, ishirini na mmoja kati yake hapa kwetu Ruhuwiko katika darasa la awali. Nimepewa mimi kuandika wasifu huu kwa sababu darasa langu la tatu limepakana na lake kwa ukuta mmoja, na hakuna aliyezisikia kelele zake kunishinda.

Alianza kazi Nalasi, wilayani Tunduru, akiwa na watoto themanini na ushei wa darasa la kwanza. Huko ndiko alikojifunza kula korosho kwa kasi ambayo ofisi nzima ya walimu inaifahamu. Mwaka 2004 akahamia kwetu.

Mwaka wa pili akafanya kosa ambalo mwenyewe hulisimulia bila haya. Alitaka wazazi waje waone watoto wao wanavyojifunza, basi akampa kila mtoto barua: mzazi unahitajika shuleni Ijumaa saa mbili asubuhi. Sababu hakuiandika. Mzazi wa hapa akipata barua ya namna hiyo, tunajua anavyoielewa. Watoto kadhaa walichapwa Alhamisi jioni kwa makosa ambayo hayakuwepo. Kesho yake Pankrasi, fundi matofali, akafika amemshika mkono binti yake Oliva, na fimbo ya mpera aliyoikata njiani. Akaamkia, akamkabidhi mwalimu ile fimbo kwa adabu zote.

“Mwalimu, sijui amefanya nini,” alisema, “lakini nimekuja kukusaidia.”

Mwalimu Notburga alilia mbele ya darasa. Akawaomba radhi watoto, mmoja mmoja, kisha akamwambia Pankrasi kwamba msaada ameupokea, ila abaki awafundishe kuhesabu. Pankrasi akajitetea kwamba yeye aliishia darasa la nne. Utetezi ulikataliwa. Akaomba viberiti vitupu, akakanda udongo, na kufika saa nne watoto walikuwa wamefyatua matofali madogo mia moja na kuyahesabu kwa sauti iliyosimamisha somo langu. Nilikwenda kulalamika, nikajikuta nami nafyatua.

Ndivyo ilivyozaliwa zamu ya Jumanne: kila wiki mzazi mmoja, kwa nusu saa, anafundisha anachokijua. Barua hakuandika tena, alipita nyumba kwa nyumba baada ya vipindi. Salum fundi cherehani aliwapima watoto wote kwa tepu yake. Bibi Kunegunda alisimulia hadithi kwa Kingoni, na watoto waliokuwa kimya tangu Januari wakafungua midomo. Siku hizi Jumanne hukuti mtoro. Ile fimbo ya mpera imening'inia kando ya ubao, kazi yake ni kuonyeshea a, e, i, o, u, na haijamgusa mtoto hata mmoja.

Kuna jambo lilimuuma miaka yote. Watoto wake mwenyewe, watatu, walimaliza shule bila yeye kukanyaga darasani mwao kama mzazi, maana kila wazazi walipoitwa, yeye alikuwa anafundisha watoto wa wenzake. Aliponiambia hivyo mwaka jana, nilimpelekea Mzee Pankrasi habari.

Mzee Pankrasi, sasa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, hakuzisahau. Wiki iliyopita alibandika mlangoni orodha ya zamu za muhula ujao. Ya kwanza, Jumanne tarehe 15 Julai: Bibi yake Aidan. Aidan ni mjukuu wa Mwalimu Notburga, yuko awali tangu Januari. Mwalimu aliisoma, akakaa kwenye kiti cha mtoto, akainuka akaisoma tena. Tangu hapo ananiuliza kila siku afundishe nini, utadhani hajawahi kushika chaki.

Asante sana, Mwalimu wetu, kwa kuwafungulia wazazi mlango. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na korosho zisizokauka kapuni. Ukija Jumanne, nirudishie chaki zangu. Na usichelewe, Aidan ameshawatangazia wenzake kwamba bibi yake anakuja.