Bi Saadiya na Neno "Choo"

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Saadiya Haroub anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kupima choo cha watoto katika maabara ya Mji Mkongwe. Kazi yake huisimulia bila ya haya, hata wenzake wakiwa wanakula.

Alianza kwa kuosha chupa, akasomea ufundi, akakabidhiwa darubini. Mwaka 2011 aliingia katika utafiti wenye swali moja: mtoto akipata virusi vya kuharisha katika wiki zake za mwanzo, utumbo wake utawapokea vipi bakteria wanaokuja kukaa humo? Utawajua kuwa ni wageni wema, au utawapiga vita kama wezi? Kila mtoto alitakiwa kupimwa kila mwezi kwa mwaka mzima. Ukikosekana mwezi mmoja, mtoto hutolewa.

Agosti mwaka huo, Bi Rukaiya wa Makunduchi aliambiwa kwa mara ya kwanza alete choo cha mwanawe, mtoto namba 41, aliyeugua akiwa na siku kumi na mbili tu. Akaja na poti ya mtoto ya kujisaidia, ameisugua kwa majivu mpaka inang'ara. Chumba kizima kilicheka. Bi Rukaiya akajitanda vizuri, akachukua poti yake, akaondoka.

Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi kwisha. Bi Saadiya alikwenda Makunduchi peke yake, na hakuanza kwa kuomba sampuli.

"Mwanangu, neno letu lina maana mbili," alimwambia. "Wewe umeshika moja, sisi tukakucheka. Kosa letu, tuwie radhi."

Bi Rukaiya akasema kuwa maabara nzima haina chombo safi kama poti ile. Safari hii walicheka pamoja. Alasiri chupa ndogo ilirudi mjini ndani ya barafu.

Tangu hapo fomu zote zinasema "kinyesi", na kila mfanyakazi mpya hufundishwa kumwomba mama arudie alichokielewa.

Swali la utafiti halijajibiwa lote. Namba 41 alimaliza mwaka wake bila ya kukosa mwezi. Sasa yuko kidato cha pili, tumbo lake bado hugombana na maharage, na ndiye aliyeombwa kuandika maneno haya.

Ahsante, Bi Saadiya. Pumzika kwa afya na furaha. Kiti chako cha mbele ya darubini tunaomba kitunzwe. Yuko mtu anasoma.