Freni Kwanza, Kidole Nyuma

Bandugu na badada mu Kristo, padri ameniomba niseme vile nilianguka. Nitasema. Jina ya muntu sitataja, hata ya ule mukubwa wa kampani. Mungu anamujua.

Nilikuwa shofere wa kamyo kubwa, njia ya Mitwaba. Mulikuwa munatuona na kofia yetu, munasema aba bantu banakula muzuri. Kweli, kampani ilitupatia nyumba mu kampi. Lakini ukikatala safari, unatoka mu ile nyumba na bibi na batoto.

Na sikieni desturi yetu. Kila asubuhi, kwa mulango, karani alisukuma karatasi yenye kusema kamyo iko muzuri. Unaweka kidole mu wino, unakipiga ku karatasi, njo unapewa ufunguo. Unashuhudia kamyo mbele ya kuigusa! Tuliweka tu, tukicheka. Mi pia nilicheka.

Siku moja, ku mutelemuko, nikakanyaga freni: bure. Kamyo ikaanguka mu mufereji, muguu yangu ikavunjika. Ningali ku hospitali, mukubwa akaleta ile karatasi. "Hii kidole ni ya nani?" Ilikuwa yangu. Bakanifukuza, bibi yangu akatoa masufuria mu kampi na mvua inanyesha.

Nawaambia bila haya, nikakunywa pombe. Nilikunywa mupaka bibi yangu akaniambia: "Baba ya batoto, kilichovunjika ni muguu, hapana kinywa cha kusema."

Ile neno iliniuma. Nikaacha pombe, nikapata kazi ku kampani ingine. Asubuhi ya kwanza, karatasi ni ileile. Nikaweka mikono nyuma ya mugongo. Nikasema: "Freni kwanza, kidole nyuma."

Mukubwa wa pale akaja, akauliza kama nimelewa. Nikajibu: "Nilikuwaka mulevi. Leo hapana." Mikono haikutoka nyuma, ninyi bandugu. Shofere muzee mwenye kunifuata mu mustari akaweka yake nyuma. Kisha bote. Bakaita fundi. Freni yangu ilikuwa muzima. Ya ule muzee haikuwa na mafuta hata tone.

Asante kwenu mulioleta bukari, ugali yetu, wakati tulitoka mu kampi tukalala mu chumba ya parokia. Asante kwa bibi yangu. Iko pale, anajifanya hasikie.

Bashofere bengine muko hapa. Kidole ni yako, hapana ya kampani. Kesho asubuhi niko kwa mulango, mikono nyuma. Karatasi itangoja.